Je, mwanamke angeweza kuendesha tanuri la mikate katika London ya karne ya 14?

Kalamu ya Pwani aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika tamthilia ya redio ambayo mhusika wake mkuu ni mjane anayeendesha tanuri la mikate jijini London, Uingereza, kati ya mwaka 1310 na 1330. Nimemchagua mjane kwa makusudi, kwa kuwa nataka mtu anayebeba kazi, madeni na watoto kwa pamoja, na ninataka msikilizaji asikie kuni zikipasuka na unga ukikandwa kabla hajasikia habari za mapenzi. Mhariri aliyesoma rasimu yangu ameirudisha akiwa ameandika pembeni kwamba mwanamke mwenye tanuri lake katika zama zile ni ndoto ya kisasa iliyovishwa gauni la kale, na kwamba nimfanye mtumishi wa jikoni au nimwache kabisa.

Sitaki kubishana naye kwa hisia. Ninaomba wenye ujuzi wa historia ya Ulaya wanisaidie kujua kama mwanamke wa namna hiyo alikuwapo kweli, ni nani alimruhusu kufanya kazi hiyo, na ni jambo gani lililomnyima usingizi. Katika rasimu yangu nimemfilisi kwa moto ulioanzia tanurini, lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyohisi kwamba moto ni njia rahisi mno ya kumwangusha. Kama kulikuwa na hatari nyingine iliyokuwa ya kazi hiyo hasa, ningependa kuijua pamoja na namna ilivyokuja.

Mwalimu wa Kumbukumbu alijibu:

Ndugu Kalamu, mhariri wako amehukumu haraka. Kama mwanamke aliweza kuoka na kuuza mikate London, jibu ni kwamba aliweza na walikuwapo. Linalohitaji kuulizwa ni kwamba kazi hiyo iliandikwa kwa jina la nani. Mke wa mwokaji alichunga unga, akakanda, akasimamia watumishi na kupokea fedha, huku kodi, leseni na kesi vikiandikwa kwa jina la mumewe, na ndiyo sababu karani wa wakati ule hutuonyesha wanawake hasa siku mizani inapowanasa. Mwaka 1310, kwa mfano, wanawake waokaji wa Stratford, mahali palipo mashariki ya jiji, wakiwamo Sarra Foting, Godiyeva Foting na Christina Terrice, walikamatiwa mikate iliyopungua uzito. Wametajwa kwa majina yao wenyewe, na karani hakuona haja ya kueleza kwa nini waokaji hao ni wanawake. Mikate yao ilikuwa imekwisha kupoa ilipowekwa mizanini, na kwa kuwa desturi ilitaka mkate upimwe ungali na moto, wakubwa wa jiji waliwahurumia: badala ya kupoteza mikate yote, waliamriwa waiuze ile ya nusu peni mitatu kwa peni moja, na mambo yakaishia hapo kwa mara hiyo.

Stratford yenyewe ifikirie kwa ajili ya hadithi yako. Vinu vya maji vilikuwa karibu kwenye mto Lea, kuni zilipatikana katika misitu ya Essex, na mikate iliingizwa jijini kwa mikokoteni ikauzwe barabarani. Waokaji wa jiji hawakuwapenda hata kidogo, kwa kuwa mkate wa Stratford ulisifika kwa kuwa mzito kidogo kuliko wao kwa bei ileile.

Sasa nije kwenye kilichomnyima usingizi. Uingereza ilikuwa na sheria ya mkate na bia, ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye mwaka 1266 au 1267, wakati wa Mfalme Henry III. Kwa mtu wa leo sheria hiyo imepinduka, kwa maana bei ya mkate haikubadilika kamwe, uzito ndio uliobadilika. Kulikuwa na mkate wa robo peni, wa nusu peni na wa peni nzima, basi; ngano ikipanda bei, mkate wa robo peni unapungua, na ngano ikishuka, mkate unanenepa. Uzito ulihesabiwa kwa sarafu za fedha, peni 12 zikifanya shilingi moja, na peni 240, yaani shilingi 20, zikifanya pauni moja. Kipimo kikubwa cha ngano, takriban lita 280, kilipouzwa kwa peni 12, mkate mweupe wa robo peni ulipaswa kuwa na uzito wa pauni 6 na shilingi 16. Kilipofika peni 24, mkate huohuo ulishuka hadi pauni 3 na shilingi 8, yaani nusu kamili.

Mweke mjane wako ndani ya hesabu hiyo katika miaka ya njaa kuu, 1315 hadi 1317, mvua zilipoharibu mavuno na ngano ikapanda kupita kiasi. Anaitii sheria kwa kila wakia, lakini mkate anaomkabidhi jirani umesinyaa, na jirani anashika mkate mkononi, hashiki jedwali la mfalme. Mwizi na mtiifu wanauza mkate wa ukubwa mmoja. Mimi nisingehitaji moto wowote wa kumfilisi mtu katika mazingira kama hayo.

Sheria hiyo ilikadiria pia kile ambacho mwokaji angeweza kupata. Kwa kila kipimo cha ngano aliruhusiwa peni 4 za kwake, pumba, na mikate miwili. Kisha zikatajwa gharama: watumishi watatu peni moja na nusu kwa jumla yao, chumvi nusu peni, kukanda nusu peni, kuchunga unga nusu peni, mishumaa robo peni, na kuni peni 2. Tazama kuni zilivyogharimu kuliko watumishi watatu waliosimama mbele yake. Tazama pia kwamba mishumaa imewekewa fungu lake, kwa sababu kazi hii ilifanyika gizani ili mkate uwe tayari watu wanapoamka.

Kuhusu adhabu, desturi ya London ilikuwa hivi: kosa la kwanza, mwokaji alifungwa juu ya machela ya fito na kukokotwa kutoka ukumbi wa jiji hadi nyumbani kwake kupitia barabara zenye watu wengi na uchafu mwingi, mkate wenye kasoro ukining'inia shingoni, kosa la pili alikokotwa vivyo hivyo, kisha akasimamishwa kwenye mkatale, yaani mbao za kumbana mtu shingo na mikono hadharani, kwa saa moja, kosa la tatu tanuri lake lilibomolewa na yeye akaapishwa kuiacha kazi hiyo jijini milele. Wengi hudhani faini ndiyo iliyowatisha. Mimi naona ni njia ile ya kukokotwa, kwa kuwa iliishia mlangoni pake, mbele ya wanunuzi wake wa kesho.

Kesi unayoihitaji kuliko zote ni ya mwaka 1327. Wenyeji wa London wasio na tanuri walikanda unga wao nyumbani, wakaupeleka kwa mwokaji ili autengeneze mikate na kuuoka kwa malipo. Mwokaji mmoja, John Brid, aligundulika kuwa ametoboa tundu katika meza yake ya kufinyangia mikate, tundu lililofanana na mlango wa mtego wa panya, lenye kifuniko kidogo cha kufungua na kufunga. Jirani alipofika na kinyunga chake, aliombwa akiweke mezani, juu ya tundu lenyewe. Brid alipokuwa akikata madonge mbele ya macho ya mwenye mali, mtu wa nyumbani mwake aliyejificha chini ya meza alifungua kifuniko na kuuvuta unga kidogo kidogo, na unga huo wa watu ukaokwa kuwa mikate ya Brid. Msako ulipofanyika, meza za namna hiyo zikakutwa kwa waokaji wengine pia, na miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo wanawake wawili, Alice de Brightenoch na Lucy de Pykeringe.

Wanaume waliokutwa na unga chini ya meza walisimamishwa kwenye mkatale huku sehemu ya unga huo imetundikwa shingoni, na waliokutwa na tundu bila unga walisimama bila kutundikwa kitu, wote hadi sala ya jioni ilipomalizika katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Alice na Lucy walijitetea kwamba wana waume na kwamba tendo lile halikuwa lao. Hawakupelekwa mkataleni, walirudishwa gereza la Newgate wakae huko hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Meza zote zenye matundu ziliamriwa ziharibiwe, na ikatangazwa kwamba atakayekutwa na hila hiyo siku za mbele atasimama mkataleni kutwa nzima, kisha aliache jiji asirudi tena.

Mwokaji wa Tanga alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na pole na kazi ndugu Kalamu. Mimi si mwanahistoria, ila ninaendesha tanuri la kuni, na ninaomba niseme neno juu ya ule uzito, kwa sababu asiyeoka anaweza kusoma kesi ya wale wanawake wa Stratford akadhani walitafutiwa kisingizio.

Mkate ukitoka tanurini unaendelea kutoa mvuke, na mvuke huo ni maji yanayoondoka na uzito wake. Unga niliokanda unapungua tanurini, na mkate ulioiva unapungua tena mezani. Ukikaa hadi kesho, unakuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa jana hata kama hakuna aliyeumega. Kwa hiyo mtu anayepima mkate uliosafirishwa kwa mkokoteni kutoka nje ya jiji, alfajiri ya baridi, anampima mwokaji pamoja na safari yake. Mikate midogo ndiyo inayoteseka zaidi, kwa kuwa ganda lake ni kubwa ukilinganisha na nyama yake ya ndani, nayo hukauka upesi. Ukichanganya jambo hilo na sheria ya Mwalimu, utaona kwamba mwaka wa njaa, mkate unapokuwa mdogo kisheria, ndio mwaka ambao ni vigumu zaidi kuulinda uzito wake. Mjane wako angeongeza unga kidogo juu ya kipimo ili awe salama, na ile ziada ingetoka katika peni zake 4.

Katika tamthilia yako usimfanye awashe moto chini ya tanuri kama jiko la chuma. Tanuri la namna ile moto huwashwa ndani mwake, palepale mikate itakapokaa. Kuni zinawaka hadi kuta na sakafu zinyonye joto, kisha makaa yanakokolewa nje, sakafu inapigwa deki kwa tambara bichi lililofungwa kwenye mti mrefu, na mikate inaingizwa kwa kibao chenye mpini mrefu, ya nyuma ikitangulia. Baada ya hapo mlango unazibwa, na hakuna moto wa kuongeza. Joto ulilolihifadhi ndilo utakalotumia. Mimi hupima kwa kutupa unga kiganja kimoja sakafuni. Ukigeuka mweusi papo hapo, ninasubiri. Ukibadilika rangi taratibu kuwa kahawia, ninaanza. Kosa la kuni mbichi halionekani hadi mikate imekwisha kuingia, na wakati huo hakuna la kufanya.

Nina swali pia. Je, jiji liliwaruhusu kuchoma chochote walichopata? Kuni zinapopanda bei, kishawishi cha kuchoma mabua ni kikubwa mno.

Wakili Mstaafu alijibu:

Ndugu Kalamu, ninaomba kuongeza upande wa sheria, na kumpinga Mwalimu mahali pamoja.

Mjane ni chaguo sahihi kuliko unavyodhani. Kwa desturi ya London, mjane wa mwenyeji aliyekuwa na haki kamili za jiji alizihifadhi haki hizo maadamu hajaolewa tena, na hivyo aliweza kuendelea na duka la marehemu na kuwamalizia mafunzo wanagenzi waliokuwa chini yake. Alibaki katika nyumba waliyoishi, na katika mali inayohamishika alipata theluthi moja ikiwa kuna watoto, au nusu ikiwa hawapo. Mweleze mhariri wako kwamba mwanamke huyo hakuhitaji ruhusa ya ajabu kutoka kwa mtu yeyote, alihitaji kutoolewa. Hapo utapata mgogoro ambao haukubuniwa na mwandishi wa leo, kwa sababu siku anapokubali posa, nyumba na tanuri vinaingia katika mazungumzo ya ndoa.

Hata mwanamke mwenye mume alikuwa na mlango wake. Desturi za jiji zilizokuja kukusanywa kitabuni mwaka 1419 zinasema kwamba mke anayefanya kazi yake peke yake jijini, kazi ambayo mumewe haingilii kwa namna yoyote, atahesabiwa katika mambo yote ya kazi hiyo kama mwanamke asiye na mume: atashtaki, atashtakiwa, na deni litakuwa lake.

Sasa kuhusu Alice na Lucy. Mwalimu ameeleza utetezi wao bila kusema kama ulikuwa wa kweli, nami ninaona ulikuwa ujanja mzuri wa kisheria. Mwanamke anayejua kwamba mke huhesabiwa kuwa chini ya mamlaka ya mumewe anasema tu kwamba ana mume, na papo hapo hatia inapata mwenyewe mwingine. Wanaume walitukanwa hadharani hadi jioni, wao wakaepuka aibu ile. Ningekuwa mtetezi wao, ningewashauri waseme hivyohivyo.

Mwalimu wa Kumbukumbu alijibu:

Mheshimiwa Wakili, ninakushukuru kwa ufafanuzi wa haki za mjane, ambao mimi niliuruka. Lakini juu ya utetezi ule tunatofautiana. Wanaume waliadhibiwa, sala ikaisha, wakashuka wakaenda makwao; kazi yao iliendelea. Wanawake wawili walirudishwa Newgate bila siku ya kutoka kutajwa, na tanuri lisilo na mwenyewe halilipi kodi ya nyumba wala halimlishi mwanagenzi. Kama ulikuwa ujanja, ulikuwa wa bei kubwa. Mimi ninalisoma jambo hili kinyume na wewe: jiji liliwashtaki kama waokaji kamili, kwa majina yao na kwa meza zao, kisha lilipofika wakati wa kuwahukumu likakumbuka kwamba ni wake za watu, na halikujua liwafanye nini. Kwa mwandishi wa tamthilia, tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa mjane wa ndugu Kalamu hana mume wa kumtaja. Angesimamishwa mkataleni.

Dada Mwokaji, marahaba, na swali lako ni zuri. Jiji lilikataza waokaji kuwasha matanuri kwa magugu, mabua au nyasi kavu. Kuni ndizo zilizotakiwa. Sababu ilikuwa hofu ya moto, kwani cheche za nyasi huruka mbali na nyumba nyingi zilijengwa kwa mbao. Kwa hiyo moto wa rasimu ya kwanza haukuwa wazo baya, mradi tu uanzie kwenye kuni zilizopanda bei na mjane aliyejaribiwa kuchoma mabua usiku.

Kuna makatazo mengine yatakayokusaidia. Mwokaji wa mkate mweupe hakuruhusiwa kuoka ule mweusi wa unga usiochungwa vizuri, na wa mweusi hakuruhusiwa kuoka mweupe. Mjane wako lazima awe upande mmoja. Kila mwokaji alikuwa na muhuri wake wa kugonga kwenye mkate, ili mkate mwepesi ukikamatwa popote ujulikane umetoka tanuri gani. Nafaka aliinunua katika masoko yaliyotambuliwa, kama pale Newgate na Gracechurch kwa ngano iliyoletwa kwa nchi kavu, au Queenhithe na Billingsgate kwa ile iliyoshushwa mtoni. Tena mikate haikuuzwa nyumbani kwa mwokaji wala mbele ya tanuri lake. Ilipelekwa sokoni katika vikapu na makasha, mahali ambapo wakaguzi wangeweza kuikuta. Ile picha ya mama mwokaji anayeuza dirishani kwake huku harufu ikiwavuta wapita njia, ambayo huonekana sana katika maigizo, London haikuiruhusu.

Msomaji wa Maskati alijibu:

Assalamu alaykum. Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na ninaomba kuongeza jambo dogo kutoka nchi za Kiislamu za wakati huo, kwa sababu huenda likamsaidia ndugu Kalamu kuona kilicho cha pekee katika London yake.

Mjini Kairo kazi iligawanywa mahali pengine kabisa. Wanawake walikanda unga majumbani, madonge yakapelekwa kwenye tanuri la mtaa kwa mikono ya watoto au watumishi, na tanuri lenyewe likawa sehemu ya wanaume. Mkono wa mwanamke ulikuwa katika mkate wa kila siku, ila si katika biashara ya tanuri. Na msimamizi wa soko, yaani muhtasib, alikuwa na macho makali juu ya usafi kuliko ninavyosikia katika kanuni za London. Mwongozo wa al-Shayzari, ulioandikwa Sham katika karne ya 12, unamtaka mkandaji asikande kwa miguu, magoti wala viwiko, afunike mdomo asije akapiga chafya juu ya unga, ajifunge kitambaa cheupe kwenye paji la uso ili jasho lisidondoke, anyoe nywele za mikono, na akikanda mchana awepo mtu wa kumfukuzia nzi. Mizani ilikaguliwa pia, lakini ningependa kumwona mkaguzi wa Stratford akiulizwa juu ya nzi.

Kalamu ya Pwani aliandika:

Nimewasoma wote, nami nimekwisha kuanza kuandika upya. Nitamweka mjane wangu upande wa mkate mweupe, nitaanza hadithi mwaka 1315 mvua zikinyesha, na nitaipeleka hadi 1327, ambapo mwanagenzi aliyemlea atamshauri watoboe meza kama majirani walivyofanya. Mhariri nitampelekea habari za Sarra Foting na wenzake kabla ya rasimu.

Limebaki swali moja. Ikiwa hauzi nyumbani kwake, na hawezi kukaa sokoni kutwa huku tanuri likimngoja, mikate inamfikia mnunuzi kwa mkono wa nani?

Mwalimu wa Kumbukumbu alijibu:

Kwa mkono wa wanawake wengine. Wachuuzi wa mikate London, wale waliopita mlango kwa mlango, walikuwa wanawake kwa wingi hata kanuni za jiji zinawataja kwa jina la kike. Mchuuzi alilipia mikate 12 akapewa 13, na ule wa ziada ndio uliokuwa faida yake halali, kwa kuwa hakuruhusiwa kumwuzia mnunuzi kwa bei iliyozidi ile ya mwokaji.

Waokaji walizoea kuwavuta wachuuzi kwa bahashishi pia: peni 6 kwa kila mchuuzi Jumatatu asubuhi, kama fedha ya kufungulia juma, na peni 3 siku ya Ijumaa kama heshima. Jiji lilipiga marufuku mazoea hayo kwa hoja kwamba fedha hizo hutolewa kwenye uzito wa mkate, likaagiza kwamba mchuuzi apate ule mkate wa 13 na asipate kingine. Likaongeza kwamba mwokaji asipokee tena kutoka kwa mchuuzi mikate iliyokwisha kupoa.

Zipime amri hizo mbili kwa hesabu za mjane wako katika mwaka wa njaa. Akitii, mikate isiyouzwa hadi jioni ni hasara ya mchuuzi, naye mchuuzi atahamia kwa mwokaji anayeendelea kulipa kwa siri. Akilipa kwa siri, zile peni 9 kwa juma kwa kila mchuuzi zinameza zaidi ya anachoruhusiwa kubakiza katika vipimo viwili vizima vya ngano, na fedha hiyo lazima itoke kwenye unga. Mwanagenzi wako mwenye wazo la tundu la meza hatahitaji kumshawishi kwa maneno mengi. Na ukitafuta mtu wa kwenda kwa wakaguzi kuwaambia wakatazame chini ya meza, mpe kazi hiyo mchuuzi aliyekuwa akipokea peni 6 kila Jumatatu, kisha akanyimwa.